Kipawa ni Mali ya Nani?

Ndugu wasomaji, liko swali moja ambalo huletwa kwetu kwa sura nyingi. Mara huletwa na mwalimu aliyeitwa kwenda kufundisha mahali pa mbali, na mkewe hataki. Mara huletwa na mzazi ambaye binti yake ni hodari wa kusoma, na nyumbani wanamhitaji. Swali lenyewe ni hili: mtu akipewa kipawa, kipawa kile ni mali ya nani? Ni chake mwenyewe, au ni cha wazazi waliomlea, au cha mwenzi wake na watoto wake, au cha wale watu wengi asiowajua ambao watafaidiwa nacho? Sisi wachungaji tu wepesi wa kujibu kwamba ni cha Mungu. Jibu hilo ni kweli, lakini halimwambii mtu kesho asubuhi afanye nini.

Kwa hiyo mwezi huu twapenda kulitazama swali hili katika maisha ya mtu mmoja. Naye si mtu wa kwetu, wala kazi yake si ya kwetu, na labda ndiyo sababu tutaweza kumtazama bila hasira na bila upendeleo. Ni Bibi Clara Schumann, mpiga piano, aliyezaliwa mjini Leipzig katika nchi ya Ujerumani mwaka 1819, akafa mwaka 1896. Jina la Leipzig si geni kwa Walutheri wa Kilimanjaro, maana wamisionari waliofika Uchagani mwaka 1893 walitumwa na misioni ya mji huo. Lakini watu wa Ulaya walikuwa wakiujua mji ule zamani kwa ajili ya muziki wake, na katika muziki ule mwanamke huyu alikuwa na sehemu kubwa.

Kwanza yatupasa tuseme piano ni kitu gani. Wengi wetu twakijua kinanda cha kanisani, kile ambacho mpigaji hukitia upepo kwa miguu yake. Piano ni ndugu yake, walakini tabia zao ni mbalimbali. Ndani ya piano zimo nyuzi za chuma, na kila kidole kikibonyeza, nyundo ndogo huruka ikaugonga uzi. Kinanda cha upepo huishika sauti maadamu kidole kipo. Sauti ya piano huanza kufa mara tu ikiisha kuzaliwa, na ustadi wote wa mpigaji ni kuziunganisha sauti hizi zinazokufa hata zisikike kama mtu aimbaye. Kwa ajili hiyo kazi yenyewe haina likizo. Aliyeacha kwa mwezi mmoja vidole vyake humsaliti. Sisi tuliofundishwa zaburi chache seminarini, kwa shida, twafahamu kidogo ni jasho gani lililo nyuma ya wepesi wa mikono ile.

Baba yake Clara, Bwana Friedrich Wieck, alikuwa amesoma elimu ya dini katika chuo cha Wittenberg, lakini hakuwa mchungaji. Aliuza piano, akafundisha watu kuzipiga. Mama yake, Marianne, alikuwa mwimbaji na mpiga piano. Ndoa yao ilivunjika Clara alipokuwa mdogo, na kwa sheria ya Saxony ya siku zile watoto walikuwa wa baba. Basi alipotimiza miaka 5 mtoto aliondolewa kwa mamaye. Tena alichelewa sana kusema, hata alipopita miaka 4 watu walimdhania kuwa kiziwi. Mtoto huyo aliyedhaniwa kiziwi ndiye baba aliyemchagua awe ushahidi wa ufundi wake wa kufundisha.

Hatuwezi kusema kwamba Wieck alikuwa mjinga. Alimpa mtoto somo la saa moja kila siku, na mazoezi ya saa mbili, wala hakumchosha kupita kiasi, kwa maana alijua kwamba vidole vya mtoto ni laini. Tena alimtembeza nje kila siku apate hewa safi. Oktoba 1828 Clara alipiga kwa mara ya kwanza katika Gewandhaus, nyumba mashuhuri ya muziki ya mji ule, naye ana miaka 9 tu. Baba akamchukua safari baada ya safari, mpaka Paris, mpaka Vienna. Huko Vienna, mwaka 1838, Kaisari alimpa cheo cha mpiga piano wa jumba lake, heshima ambayo haikuwa desturi kupewa msichana wa miaka 18, mgeni, tena Mprotestanti katika nchi ya Kikatoliki.

Lakini liko jambo moja dogo ambalo twaliona kuwa kubwa kuliko vyeo vyote. Tangu utoto wa Clara baba yake alimwekea kitabu cha habari za kila siku, naye mwenyewe akakiandika kwa jina la binti yake. Aliandika “mimi”, na maana yake ni Clara, lakini mkono ulikuwa wake. Miaka mingi mtoto yule alikuwa na “mimi” iliyoandikwa na mtu mwingine. Basi hapo ndipo penye mzizi wa swali letu. Wieck hakuwa mwizi kwa jinsi alivyojiona. Alikuwa amemfundisha, amemvika, amemsafirisha, ameacha kazi nyingine kwa ajili yake. Akahesabu kwamba kipawa kile ni shamba lake. Na fedha zilizopatikana kwa vidole vya mtoto alizishika yeye.

Binti alipotaka kuolewa na Robert Schumann, kijana mtunzi wa muziki aliyekuwa mwanafunzi nyumbani mwao, baba alikataa katakata. Alisema kijana hana mali, nayo ilikuwa kweli. Akamsingizia mbele ya baraza kuwa mlevi. Akazizuia fedha za Clara. Wale wawili wakalazimika kuomba haki kwa mahakimu, na mama Marianne, yule aliyenyang'anywa mtoto, ndiye aliyetoa idhini yake. Hukumu ikatoka mwaka 1840, wakafunga ndoa katika kanisa la kijiji cha Schönefeld tarehe 12 Septemba, siku moja kabla bibi arusi hajatimiza miaka 21. Miaka mitatu baadaye baba na binti walipatana.

Tuseme nini juu ya haki ya mzazi? Apandaye mnazi hula nazi zake, wala hakuna amlaumuye. Lakini mtoto si mnazi. Mzazi hupewa mtoto amlee, na malipo ya kulea ni kuona mtoto amesimama kwa miguu yake mwenyewe; na miguu ikiisha kupata nguvu, huenda ikaelekea njia ambayo mzazi hakuichagua. Hapo twaona neno rahisi, na hatutakawia nalo. Mambo mazito yalianza baada ya arusi.

Maana yule mume alimpenda mkewe, tena alikiheshimu kipawa chake. Siku ya pili ya ndoa walianza kuandika kitabu cha pamoja, huyu juma hili, huyu juma lile, wapate kuambiana hata mambo magumu kuyasema kwa kinywa. Na katika kitabu hicho mke alilalamika mapema kwamba hapati nafasi ya kufanya mazoezi. Kuta za nyumba zilikuwa nyembamba. Mume alipokuwa akitunga alihitaji kimya, na piano ya mke ilimsumbua. Basi piano ikafungwa mpaka mume amalize. Hapana ugomvi, hapana mtu mbaya katika habari hii, ila kuta nyembamba na vipawa viwili chini ya paa moja. Waarusi wote na wasome habari hii kabla ya kuapa.

Tena shauri lilikuwa gumu zaidi ya hapo. Schumann mwenyewe alitaka zamani kuwa mpiga piano, lakini mkono wake wa kuume ulikuwa umedhurika, asiweze. Kwa hiyo tungo zake zilifika masikioni mwa watu kwa vidole vya mkewe. Clara aliponyamaza, Robert naye alinyamazishwa. Na Clara aliposafiri, Robert aliteseka. Mwaka 1842 Clara alikwenda Copenhagen bila mumewe, naye mume akarudi Leipzig akakaa katika huzuni. Mwaka 1844 walikwenda Urusi pamoja, watoto wawili wakaachwa kwa ndugu ya mume; huko Clara akasifiwa sana, na mume akawa kama mtu aliyemfuata tu bibi mashuhuri, akaugua mwili na roho. Akienda peke yake, nyumba yapata huzuni. Wakienda wote, mume ashushwa. Asipokwenda, mikono yake yafa na mkate wapungua. Wahenga walisema, mshika mawili moja humponyoka. Clara alishika matatu.

Kati ya mwaka 1841 na 1854 alizaa watoto 8, na mmoja wao, Emil, akafa mwaka 1847 akiwa mchanga. Katika miaka hiyo hakuacha kupiga mbele za watu. Wako wanaodhani kwamba mwanamke mwenye kazi kama hii hana moyo wa mama. Na wasikie habari ya Mei 1849. Wakati huo walikaa Dresden, na watu wa mji waliinuka kupigana na serikali ya mfalme. Wapiganaji walikuja kuwatafuta wanaume nyumba kwa nyumba, hata Clara akamtorosha mumewe kwa njia ya bustani, pamoja na binti yao mkubwa. Watoto watatu wadogo walibaki kwa mtumishi. Siku mbili baadaye, usiku, huyu mama mwenye mimba ya miezi 7 alirudi akipita mashambani, akaingia mji uliokuwa ukipigwa risasi, akawaamsha watoto, akawatoa. Huyo ndiye yule yule ambaye baadaye tutamwona akiwaacha.

Siku ya tarehe 27 Februari 1854, walipokuwa wamehamia Düsseldorf, Robert Schumann, aliyekwisha kusumbuliwa na sauti masikioni mwake na hofu za usiku, alitoka nyumbani akajitupa katika mto Rhine. Wavuvi wakamwopoa. Yeye mwenyewe alikuwa ameomba apelekwe kwa waganga wa wagonjwa wa akili, akapelekwa Endenich, karibu na Bonn. Madaktari wakamkataza mkewe asimwone. Clara hakumwona tena kwa muda wa miaka miwili na zaidi, mpaka siku mbili kabla hajafa, Julai 1856. Mtoto wa mwisho, Felix, alizaliwa Juni 1854. Baba yake hakumwona kamwe.

Sasa, ndugu msomaji, mfikiri mama huyu. Ana miaka 34. Ana watoto 7. Mume yuko hospitali ya kulipiwa. Rafiki walitaka kumsaidia kwa fedha, lakini yeye hakupenda kuishi kwa sadaka. Oktoba 1854, Felix akiwa na miezi 4, alianza safari za kupiga muziki. Wakubwa waliwekwa shuleni Leipzig, mmoja akapelekwa Berlin kwa bibi yake, yaani yule mama Marianne, na wadogo wakabaki Düsseldorf na mtumishi. Kijana Johannes Brahms, mtunzi aliyekuwa amefika nyumbani kwao mwaka uliotangulia, alikaa karibu akiwaangalia, hata akaandika yeye hesabu ya matumizi ya nyumbani. Mama akaenda Uholanzi, akaenda Vienna, na mwaka 1856 akavuka bahari kwenda Uingereza, mume yu karibu kufa.

Wala safari hizo hazikuwa za starehe. Mpiga piano wa siku zile hakuwa na mtu wa kumtengenezea mambo kama walivyo nao wa leo. Clara mwenyewe aliandika barua za kukodi ukumbi, akapatana na wenye piano, akahakikisha imetiwa sauti sawasawa, akaangalia tikiti na taa, ndipo jioni akavaa nguo yake nyeusi ya ujane akaketi mbele ya watu. Alipiga bila kitabu mbele yake, jambo ambalo alipokuwa msichana liliwachukiza wengine, wakasema ni majivuno, lakini baadaye likawa desturi ya wapiga piano wote. Tena hakupiga vitu vya kuwashangaza watu kwa kasi tu. Aliwaletea Bach na Beethoven na Chopin, na tungo za mumewe, ambazo wengi hawakuzipenda bado. Karatasi za orodha ya tungo zilizopigwa katika matamasha yake zimehifadhiwa huko Zwickau, mji aliozaliwa mumewe, nazo zapita 1,300, tangu mwaka 1828 hata 1891.

Je, alifanya vema kuwaacha watoto? Twajua wako wasomaji watakaosema mara moja: hapana. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Tena walioandika habari zake huko Ulaya, baadhi yao walimlaumu vivyo hivyo. Lakini na tuwaulize neno moja. Brahms alisafiri maisha yake yote. Liszt, mpiga piano aliyesifiwa kuliko wote, alizaa watoto 3, akakaa miaka bila kuwaona. Ni nani atangulizaye jambo hilo katika habari zake? Na kwetu je? Baba akienda kufanya kazi katika mashamba au migodi ya mbali, akakaa miaka miwili, twasema yuawatafutia watoto riziki, na akirudi na blanketi na karo ya shule twamshangilia. Mchungaji akilala vijijini majuma matatu, mkewe akiuguza mtoto peke yake, twasema yu kazini kwa Bwana. Mama mjane akifanya lile lile twauliza watoto wako wapi. Swali ni jema. Ila halina haki likiulizwa kwa mmoja tu.

Basi ingekuwa rahisi tukomee hapa, tuseme: alikwenda kwa sababu ya mkate wa watoto, na mkate ni haki. Wengi wanaomtetea hukomea hapo. Lakini yeye mwenyewe hatuachii njia hiyo. Mwaka 1868 Brahms alimwandikia kumshauri apunguze safari hizi, kwa kuwa umri unakwenda. Clara akamjibu, wala si bila uchungu, kwamba rafiki yake aihesabu kazi ile kuwa njia ya kupata fedha tu, na sivyo ilivyo. Kwamba ajiona ameitwa kuzifikisha kazi kubwa za watunzi kwa watu, za Robert kwanza. Na kwamba kupiga kwake ni kama hewa avutayo. Maneno haya ni ya kweli, nasi twamheshimu kwa kutojificha nyuma ya mkate. Lakini yatuletea swali zito zaidi. Mtu akiwaacha watoto kwa ajili ya chakula chao, twaelewa. Akiwaacha pia kwa sababu asipokwenda roho yake yakosa hewa, tutasema nini?

Sisi twasema hivi. Kipawa kikubwa si kama koti, mtu alivue alitundike nyuma ya mlango mpaka watoto wakue. Kikivuliwa chafa, au chamla mwenye nacho kwa ndani. Tumewaona wanaume na wanawake waliokatazwa kazi waliyoumbiwa, wakakaa nyumbani kwa utii, na utii ule ukawa sumu katika kila uji walioukoroga. Mama wa namna hiyo yupo nyumbani, na hayupo. Kwa hiyo hatuwezi kumwambia Clara kwamba angalikaa, watoto wangalipata zaidi. Labda wangalipata mama mwenye kinyongo, tena maskini. Lakini vilevile hatuwezi kusema kwamba watoto hawakulipa. Walilipa. Kila kipawa kina watu wanaokilipia bila kuulizwa, na watu hao aghalabu ni wadogo.

Tazameni Novemba 1872. Binti yake wa tatu, Julie, mwenye afya dhaifu tangu utoto, aliyeolewa Italia, alikufa akiwa na miaka 27. Habari ilimfikia mama siku ambayo jioni yake alikuwa amepatana kupiga huko Heidelberg pamoja na mwimbaji, Bibi Amalie Joachim. Clara akaketi akapiga, asimwambie mtu, kusudi asimharibie mwenziwe jioni ile. Tumelifikiri jambo hili mara nyingi. Iko siku tunapoona ni ushujaa: ahadi ni ahadi, na huzuni yake hakumtwika mtu mwingine. Iko siku tunapoona ni jambo la kutisha kidogo. Mtu aliyezoea tangu miaka 9 kupanda jukwaani kwa saa iliyopangwa, huenda hana tena njia nyingine ya kulia. Kwetu msiba huwakusanya watu, kazi zikasimama, jembe likalala. Hatumhukumu, lakini hatungependa watoto wetu wajifunze hilo.

Na yuko Ludwig, mwana aliyepatwa na ugonjwa wa akili kama baba yake. Mwaka 1870 aliwekwa katika nyumba ya wagonjwa huko Colditz, akakaa humo mpaka kufa kwake mwaka 1899, na mwisho akapofuka. Mama alimlilia kama mtu aliyezikwa hai, lakini alimwendea mara chache sana. Kwa habari ya Ludwig hatuna la kumtetea. Barabara za Urusi na bahari ya Uingereza hazikumshinda. Njia ya Colditz ilimshinda. Wengi wenye moyo mkuu kwa kazi wana chumba kimoja nyumbani mwao wasichokiingia, na mara nyingi si kwa sababu ya kukosa upendo. Ni kwamba humo hapana la kufanya, na mtu wa kazi haogopi kitu kama mahali pasipo na la kufanya.

Na watoto wengine walisemaje? Eugenie, binti mdogo, aliandika kitabu cha kumbukumbu zake mwaka 1925, alipokuwa mzee. Hakuficha kwamba miaka ya shule za bweni ilikuwa na upweke. Walakini amtaja mama yake kwa heshima na upendo. Tangu mwaka 1863 walikuwa na nyumba ndogo karibu na Baden-Baden, na wakati wa joto wote walikusanyika hapo. Marie, binti mkubwa, hakuolewa kamwe. Alisafiri na mama, akamwangalia nguo zake na barua zake na wanafunzi wake mpaka mwisho. Watu husema Clara alitoa maisha yake kwa muziki. Sisi twaongeza kwamba Marie pia alitoa yake, ingawa jina lake halikuchapwa katika orodha zile 1,300.

Na hata Clara mwenyewe, ambaye twamwita mtu aliyekishika kipawa chake asikiache, alikuwa na cha pili ambacho alikizika. Kwa maana alikuwa mtunzi. Katika mwaka 1835, akiwa na miaka 16, alipiga Gewandhaus tungo yake mwenyewe kubwa ya piano na wapigaji wengi, Mendelssohn akiwaongoza. Lakini mwaka 1839 aliandika kwamba alikuwa akijidhania ana kipawa cha kutunga, na sasa ameiacha fikira hiyo, kwani mwanamke hapaswi kutamani kutunga. Baada ya kufa mumewe hakutunga tena ila kidogo sana. Hakuna baba aliyemkataza, wala mume. Robert alimhimiza na kuzichapisha tungo zake. Ilitosha kwamba dunia yote iliyomzunguka ilikuwa na mawazo hayo, naye akayavuta kama hewa. Siku hizi tungo zake zapigwa tena katika nchi nyingi. Tena Wajerumani waliweka sura yake katika noti ya mark 100, iliyotumika tangu 1990 mpaka fedha ile ilipokwisha mwaka 2002. Naye ndiye aliyekuwa akizihesabu senti za viatu vya watoto akiwa katika nyumba za wageni.

Sauti ya kupiga kwake haikubaki. Mashine za kunasa sauti zilikuwapo katika miaka yake ya mwisho, lakini hakuna anayejua sahani au silinda yenye mkono wake. Wako wanafunzi wake walionaswa baadaye, maana tangu mwaka 1878 alifundisha katika chuo cha muziki huko Frankfurt, naye alikuwa mwalimu mkali. Tamasha lake la mwisho mbele ya watu lilikuwa Machi 1891, naye ana miaka 71, mikono ikimwuma na masikio yakimdanganya. Mwaka huo huo mwanawe Ferdinand alifariki, aliyerudi mgonjwa kutoka vita vya 1870 na kuzoea dawa ya mofini hata ikamwangusha. Na bibi huyu mzee akaendelea kuwatunza na kuwasomesha watoto wake.

Mmoja wa wajukuu hao, Ferdinand kama baba yake, alikaa naye Frankfurt akijifunza kupiga piano. Mei 1896, bibi alipokuwa kitandani na karibu kufa, alimwomba kijana apige. Akampigia tungo za babu yake, na mwisho ile Romance ya F-sharp. Bibi akasema, yatosha.